Mwendo wa Babu, Mwendo wa Mjukuu

Mara ya kwanza kuwapeleka wazazi wangu na mwanangu kwenye bustani ya wanyama nilikuwa na karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeorodhesha wanyama 12 kwa kufuata njia, kuanzia simba hadi pengwini, na kila mmoja nimempangia dakika zake. Mwanangu alikuwa na miaka miwili na nusu. Baba yangu alikuwa na miaka 71. Ilipofika saa sita mchana tulikuwa tumewaona wanyama wanane, mtoto analia begani kwangu, mama amekaa kwenye ukingo wa maua kwa kukosa benchi, na baba anajikokota nyuma yetu bila kusema neno. Ukimya ule naujua tangu utotoni. Magoti yalikuwa yanamuuma na hakutaka kutuharibia siku.

Kabla hatujaondoka nilikwenda kununua maji, nikawaacha babu na mjukuu mbele ya kizimba cha kobe. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi baada ya dakika kama 20, niliwakuta palepale nilipowaacha, babu ameketi, mtoto amesimama katikati ya magoti yake, wote wawili wanamkodolea macho kobe mmoja akila jani. Jani moja tu. Mtoto yule yule ambaye kwa simba hakutulia hata kidogo. "Hana meno," baba alikuwa akimwambia, "ndiyo maana anamega kidogo kidogo kwa mdomo." Na mtoto akajibu kwa sauti ya chini kabisa, "Hana meno, babu."

Nilisimama na chupa zangu za maji, nikaelewa nilipokosea. Katika msafara wetu, mdogo kuliko wote na mkubwa kuliko wote wana mwendo mmoja. Wote wawili hutembea kidogo, husimama sana, huchoka ghafla, na hawaoni ubaya kutazama kitu kimoja mpaka kiishe. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Tangu siku ile karatasi nimeiacha nyumbani, na karibu kila ninachokushauri hapa kimetokana na kobe yule.

Chagua wanyama watatu. Najua inauma kulipa kiingilio halafu usione hata nusu ya bustani, lakini mtoto wa miaka miwili hana hesabu hiyo. Kwake shomoro anayedonoa makombo karibu na kiatu chake ni mnyama kamili, pengine kuliko tembo aliye mbali ng'ambo ya handaki. Wachague walio karibu na lango, wanaoonekana kwa urefu wa mtoto, na wanaofanya jambo. Simba anaweza kulala hadi saa 20 kwa siku, kwa hiyo ukimfuata adhuhuri utamwonyesha mtoto mgongo wa manyoya chini ya mti. Fika lango linapofunguliwa, wakati bado kuna ubaridi na wanyama wengi wamechangamka. Uliza pia wanalishwa saa ngapi. Kumwona mnyama akila kunamtosha mtoto, na babu anapata la kusimulia.

Halafu ondokeni mapema kuliko mnavyotamani. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, na wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji saa 10 hadi 13, ukijumlisha na ule wa mchana. Usingizi wa mchana ukiuvunja kwa ajili ya twiga, jioni yote itakulipiza. Sisi hukaa saa mbili, mbili na nusu ikizidi sana, kisha hao nyumbani, hata kama kila mtu bado anafurahi. Hasa kama kila mtu bado anafurahi.

Nikae kidogo kwenye suala la wazee, kwa sababu makala nyingi za matembezi huzungumzia mtoto na kumsahau bibi. Mama yangu anatumia kidonge cha presha cha aina ile inayoongeza mkojo. Miezi mingi baadaye niligundua kwamba kila siku ya matembezi alikuwa hamezi kidonge na hanywi maji, akihofia kutafuta choo huku mjukuu akimsubiri. Hakutuambia. Aliona ni aibu kutusimamisha. Niliumia sana nilipojua, maana mimi ndiye niliyekuwa nikisema "twendeni, twendeni" njia nzima. Tulimuuliza daktari wake kuhusu saa ya kumeza dawa, akampangia vizuri, na tangu hapo kitu cha kwanza tukishaingia getini ni kwenda chooni wote, mtoto akiwemo. Kila mmoja anajua vyoo viko wapi, na hakuna anayehitaji kuomba.

Maji nayo usingoje waseme wana kiu. Kadiri mtu anavyozeeka, hisia ya kiu hupungua, mwili unaweza kuwa umekauka na mwenyewe hana habari. Mpe chupa mkononi, na mjukuu naye chupa yake, wanywe pamoja kila mnapoketi. Kama mzee anatembea kwa shida, piga simu mapema uulize kama wanaazimisha viti vya magurudumu, kwani bustani nyingi kubwa wanavyo. Baba alikikataa kiti mara mbili. Mara ya tatu mjukuu alipanda mapajani kwake, wakasukumwa wote wawili, na sijasikia tena akikikataa. Na usimuulize mzee mwenye staha zake, "Umechoka?" Atasema hapana. Sema, "Tukae hapa mtoto apumue," na kila mtu atakaa.

Jambo linalonitia hofu zaidi kuliko yote ni lile la watu wazima kuwa wengi. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Siku moja kwenye bwawa la bata, mimi nilidhani mtoto yuko na bibi, bibi akadhani yuko na babu, na babu akadhani nimemchukua mimi. Tulimpata nyuma ya kichaka hatua chache kutoka majini. Hazikufika dakika mbili, lakini hadi leo nikizikumbuka mikono hunitetemeka. Sasa tunakabidhiana kwa sauti. "Mama, yuko kwako." "Yuko kwangu." Mpaka aseme hivyo, mtoto bado ni wako. Mwanzoni wazazi wangu waliona ni mambo ya kijeshi, sasa wao ndio wanaonikumbusha. Asubuhi kabla ya kutoka mpige mtoto picha akiwa na nguo alizovaa siku hiyo, na namba yako ya simu iandike kwa kalamu ndani ya mkono wake.

Kwenye bustani za kuchezea kuna kosa moja la mapenzi ambalo karibu kila bibi hulifanya: kumpakata mtoto na kuteleza naye kwenye ubao wa kutelezea. Anadhani anamlinda. Kumbe mguu wa mtoto ukinasa ukingoni au raba ya kiatu ikigandamana na ubao, uzito wa mtu mzima unaendelea kushuka na mguu ule mdogo unapindwa hadi kuvunjika mfupa wa chini ya goti. Mtoto akiteleza peke yake, mguu ukinasa yeye husimama tu. Kama hawezi kuteleza peke yake, basi huo ubao bado si wake, mtafutie ulio mfupi zaidi. Mwambie bibi asimame chini kumpokea, hiyo ndiyo nafasi yake na ina raha yake. Ubao ukiwa wa chuma na jua limewaka, uguse kwanza kwa kiganja chako. Mtoto asivae skafu wala nguo yenye kamba shingoni, zinaweza kunasa.

Pale wanaporuhusu kuwashika mbuzi na sungura, naweni mikono kwa sabuni na maji kwa sekunde 20 mara mnapotoka, hata kama hamkumgusa mnyama yeyote, kwa sababu uzio na nyasi vina vijidudu vilevile. Watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 65 na kuendelea huugua vibaya zaidi kwa vijidudu hivi, na hao ndio uliotoka nao. Chakula, chupa ya maziwa na chuchu ya kunyonya visiingie humo ndani kabisa.

Kuhusu peremende na vitu vya kuchezea, kubalianeni nyumbani, kabla ya kutoka, mtoto asikie tu kwamba babu amekubali. Kubishana mbele ya kibanda kunamvunjia babu heshima.

Kisha ukishayapanga hayo yote, rudi nyuma. Hili lilinichukua muda mrefu kujifunza. Nilizoea kuwa mwalimu, nikisoma kila kibao kwa sauti. Nilipokaa kimya ndipo nilipogundua baba anajua mengi. Alimwambia mjukuu kwamba shingo ya twiga, pamoja na urefu wote ule, ina mifupa saba tu, sawasawa na shingo ya mtu, akamshika kidole na kukipitisha nyuma ya shingo yake mwenyewe wakihesabu. Mama alimweleza kwamba kundi la tembo huongozwa na jike mzee, kwamba tembo bibi ndiye anayekumbuka maji yaliko wakati wa kiangazi. Mwanangu alimwangalia mama kwa macho mapya kabisa. Njia nzima kurudi alimshika pindo la nguo akisema yeye ni tembo mdogo. Picha napiga, ndiyo, lakini sasa nyingi ni za mikono yao na migongo yao wakitazama kitu. Na mara nyingine naweka simu mfukoni ikirekodi sauti tu. Nina maongezi yao ya karibu miaka miwili.

Kama mtoto wako hajafikisha miaka miwili, ahirisha bustani ya wanyama, chagua bustani moja ya karibu yenye kivuli, choo na benchi, muwe mnakwenda hiyohiyo kila wiki. Kurudia hakumchoshi mtoto mdogo. Anaujua mti wake, jiwe lake, mahali ambapo bibi hukaa. Kwa mzee pia kuna utulivu katika njia ambayo miguu imeshaizoea, anajua ngazi iko wapi na wapi pa kushika.

Magoti ya baba hayajapona, na mwaka huu yamezidi. Jumamosi iliyopita tulifika hadi benchi la pili kutoka langoni, akasema hapo panamtosha. Kizimba cha kobe kiko mbele zaidi. Mwanangu sasa ana miaka minne na nusu, alitutazama, akaniomba nimpeleke yeye. Tulikaa kule muda mrefu, mimi bila kusema kitu. Kisha akakimbia kurudi hadi kwenye benchi, akaegemea katikati ya magoti ya babu yake kama zamani. "Babu," akasema akihema, "bado anakula."