Kabla ya Kwenda Kujitolea Kijijini, Uliza Nani Ataifungua Pampu

Hivi karibuni kijana mmoja aliyepata nafasi ya kujitolea kijijini kwa miaka miwili aliniandikia akitaka kujua abebe nini, na aanze na mradi upi ili aache alama. Nilimjibu kwa maneno machache, lakini swali lake halikuniacha, kwa kuwa sote tuliowahi kwenda huko, na ninyi mnaojiandaa kwenda, tunaitamani alama hiyo hata tunapoona haya kukiri.

Kijiji nilichopelekwa mimi kilikuwa na pampu ya mkono aina ya Afridev iliyokuwa imeacha kutoa maji siku nyingi. Shirika lililonituma lilikuwa limekwisha kuamua kuchimba kisima kipya. Niliomba mkutano uitishwe kwanza, na katika mkutano huo akina mama walieleza jambo ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa amewauliza: maji yalikuwamo, ila mipira ya pistoni ilikuwa imelika, na fundi pekee aliyejua kuibadilisha alikuwa amehamia mjini. Pampu ya namna hiyo ilibuniwa miaka ya 1980 ili itunzwe na wanakijiji wenyewe. Hufaa kwa kina cha hadi mita 45 hivi, na pistoni pamoja na vali ya chini huweza kuvutwa juu bila kung'oa bomba kuu. Basi tulimtafuta fundi yule, akaja, akafundisha, na mwishowe akina mama wakaifungua na kuifunga wenyewe huku yeye amekaa kando akitazama. Nakiri kwamba bado naringia siku ile.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa fedha za vipuri, yaani nani achange, nani ashike daftari, na nani awe na ufunguo wa sanduku. Mabishano yake yalikuwa marefu na sitawachosha nayo. Itoshe kusema kwamba kamati ya pampu na mweka hazina wake walichaguliwa hadharani, na hesabu zikawa zinasomwa mbele ya wote, pamoja na wale waliokuwa hawajachanga.

Ripoti ya mwaka ya shirika ilipotoka, pampu ilikuwamo, mbele yake kumesimikwa kibao kipya, na wageni waliofika asubuhi moja tu wameshika mkono wake wakitabasamu. Kamati haikutajwa popote, wala mimi sikutajwa. Huwa nawaambia watu kwamba jambo hilo halikunigusa, ingawa ripoti yenyewe ninayo hadi leo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiende na mradi mkononi. Kaa kwanza, jifunze lugha, sikiliza, kisha kaa tena. Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalopeleka watu kujitolea nchi nyingine, lililoanzishwa mwaka 1961, huwapa watu wake takribani miezi mitatu ya mafunzo, lugha ikiwemo, kabla ya miaka yao miwili ya kazi. Wewe unayetoka nchi moja na kijiji unachokwenda usidhani huna cha kujifunza kwa sababu tu salamu unaijua. Heshimu pia vikao vilivyopo. Kwa Tanzania, kwa mfano, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18, kuwa ndio wenye kauli ya mwisho katika sera za kijiji. Anayepatana na mwenyekiti peke yake chini ya mti, kisha akaleta saruji, hajashirikisha kijiji, hata kama picha zitaonesha umati.

Na tuache kuwahesabu wanakijiji kuwa wapokeaji. Watu wanaojitolea kwelikweli ni wale wanaoacha mashamba yao kuja kuchimba mtaro bila posho, na watakaoendelea kuuzibua tutakapokuwa tumekwisha kuagwa kwa hotuba na zawadi. Inatupasa kuwaza jina la nani litabaki katika daftari la hazina, wala si jina gani litaandikwa kwenye kibao, na ninalisema hili kwa ukali kwa sababu naona kila mwaka vijana wazuri wakienda kusimika vibao.

Kuhusu mizigo, kijana wangu, viatu imara na daftari vinatosha. Siku utakapokabidhi barua yako ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji, mwombe kwa adabu akuoneshe muhtasari wa mkutano mkuu uliopita, na usome kwanza walichokwisha kukiamua wenyewe.