Uvimbe wa saratani ndani ya kompyuta: majibu kwa wanaounda modeli

Swali: Naanza na seli moja inayogawanyika kwa kasi ya 0.25 kwa siku na kufa kwa 0.18. Mara nyingi uvimbe unatoweka kabla ya kufika hata seli mia. Programu ina kasoro?

Jibu: La, ndivyo hesabu inavyotaka. Ukoo wa seli moja, yaani yenyewe na vizazi vyake vyote, hutoweka kwa uwezekano wa 0.18 ÷ 0.25, yaani 0.72. Igeuze hiyo iwe kipimo: endesha programu mara 1,000, kila mara kwa mbegu tofauti (namba inayoanzisha mfuatano wa namba nasibu), uone kama zilizotoweka zinakaribia 720. Zikiwa mbali na hapo, mara nyingi hatua ya muda (kipindi ambacho programu inaruka kila mzunguko) ni ndefu mno, na amri ya kugawanyika kutangulia ya kufa kunabadilisha matokeo. Njia ya Gillespie, inayoruka kutoka tukio moja hadi jingine, haina tatizo hilo: muda hadi tukio lijalo ni −ln(u)/R, ambapo u ni namba nasibu kati ya 0 na 1, na R ni jumla ya kasi za seli zote. Halafu angalia: ukibakisha zilizonusurika tu, mwanzoni zitaonekana kukua haraka kuliko 0.07 (0.25 − 0.18). Hiyo si baiolojia, ni mchujo wako.

Swali: Nataka seli bilioni moja, lakini kumbukumbu inajaa.

Jibu: Usiipe kila seli orodha ya mabadiliko yake ya jeni. Ipe namba ya ukoo tu (hapa ukoo ni seli zenye mabadiliko yaleyale), baiti 4. Mengine yakae kwenye jedwali la koo. Seli bilioni moja zitakula GB 4. Lakini ukisajili badiliko kila mgawanyiko, kila seli inakuwa ukoo na faida imeyeyuka. Kwa mabadiliko yasiyoipa seli nguvu, sajili yale tu yanayotokea uvimbe ukiwa bado na seli 10,000 za kwanza. Ya baadaye karibu yote hubaki chini ya asilimia 1 ya uvimbe, na upimaji wa kawaida wa DNA hauyaoni.

Swali: Gridi yangu ya pande tatu ina visanduku vya mikromita 20. Oksijeni inaruka ovyo, mara hasi.

Jibu: Ikisambaa kwa mikromita za mraba 2,000 kwa sekunde, hatua ya muda isizidi 20² ÷ (6 × 2,000), yaani sekunde 0.033. Seli huchukua siku nzima kugawanyika, kwa hatua fupi hivyo utangoja mno. Oksijeni hutulia mapema mno, basi tafuta hali yake ya kutulia kila saa ya modeli. Seli zilizo zaidi ya mikromita 200 kutoka mshipa wa damu zinapaswa kuwa taabani.

Swali: Mbona uvimbe wangu una pembe?

Jibu: Unapitia seli kwa mpangilio uleule kila hatua, zichanganye kwanza. Pembe zikibaki, achana na gridi.