Kamba ya Inchi Moja na Nusu

Mwanangu Zaina,

Ujumbe wako wa juzi nimeupata. Kuna mtu anakuuzia kamba ya meli iliyotumika, inchi mbili unene, mita 15, kwa bei ya kutupa, nawe unauliza kama inafaa kwa yale mazoezi ya kupiga mawimbi kwa kamba uliyoanza jimu. Iache, mwanangu. Tafuta ya inchi moja na nusu, mita 9, hata kama utangoja mshahara wa pili.

Miaka niliyofunga meli gatini hapa Tanga niliona jambo moja kila siku: kamba humshinda mtu kiganjani kabla haijamshinda begani. Ya inchi mbili utaing'ang'ania tu, vidole vichoke na mkono ukaze, uiachie wakati pumzi na mapaja bado vinadai kazi. Nawe ulichokifuata ni pumzi. Halafu piga hesabu: zikiwa za nyuzi za aina moja, hiyo unayouziwa ina uzito karibu mara tatu ya hii ninayokwambia. Na kamba hukunjwa katikati, ikazungushwa mtini, ncha mbili ukazishika wewe, kwa hiyo mita 15 zinataka zaidi ya mita saba za uwanja. Idi iliyopita nilihesabu hatua kutoka barazani kwako hadi kwenye mwembe. Zilikuwa saba, na hatua zangu ni fupi siku hizi.

Kamba kuukuu, yoyote ile, usiinunue kabla ya kuichungulia ndani. Ishike kwa mikono miwili, izungushe kinyume cha msokoto wake mpaka nyuzi ziachane. Nimewahi kufungua amari, ile kamba nene ya kufungia meli, iliyokuwa safi kabisa kwa nje, ndani mkamwagika unga kama wa muhogo. Hizo ni nyuzi zimesagana zenyewe kwa zenyewe. Kamba ya namna hiyo imekwisha.

Utaniuliza kuhusu katani. Babu yako alikata mkonge maisha yake yote, na harufu ya katani mpya naipenda mpaka leo. Lakini inachoma viganja, inatoa vumbi la nyuzi, na ikinyeshewa inavimba, inakakamaa, mwisho inaoza. Kwa kazi yako chukua ya poliesta, miisho yake iwe imevishwa mpira.

Usiifunge kwenye nguzo ya baraza wala kwenye geti. Ipitishe shinani mwa mwembe, chini usawa wa magoti, na hapo inapogusa gome weka kipande cha tairi, maana msuguano hula kamba na mti pamoja.

Ukisimama, achanisha miguu usawa wa mabega, kunja magoti, mgongo unyooke, viwiko visiende mbali na mbavu. Uliniambia kiuno kinakuuma; nadhani unasimama wima ukipiga kwa mikono peke yake. Nguvu itoke miguuni. Tazama wimbi lenyewe: likifika mtini, unapiga sawasawa, likifia njiani, umechoka au kamba imelegea mno. Rudi nyuma nusu hatua ipungue ulegevu, kazi itakuwa nyepesi. Siku ukiwa na nguvu, sogea mbele, utaona inavyokuwa nzito.

Anza na sekunde 20 za kupiga, 40 za kupumzika, mara nane. Pumua, usibane pumzi hata kidogo, mama yako ana presha nami sitaki kusikia umeanguka uwanjani peke yako. Ukisikia kizunguzungu au kifua kinabana, achia kamba, ukaonane na daktari kabla ya kuishika tena.

Kipande cha tairi nimeshakukatia, kirefu cha kuzunguka mwembe. Nitampa mdogo wako akija Dar Ijumaa. Kamba ukiipata, nipigie picha ya ule mwisho wake kabla hujalipa.

Ni mimi baba yako,
Tanga