Viungo ninao kibao, straika sina, nipangeje?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Mi nafundisha timu ya mchangani hapa Morogoro, vijana wangu karibu wote ni viungo na mpira wanaujua kweli, straika niliyekuwa nae kapata kazi mkoani kaondoka. Nikaamua nipange 4-6-0, yaani mabeki wanne, viungo sita, straika hamna, kama ile Hispania ya 2012. Sasa mpira tunaushika sisi, pasi watu wanashangilia, halafu tunapigwa moja bila kwa kaunta. Wazee wa kijiweni wanasema nirudi 4-4-2 ya mastraika wawili hata kama mbele nitamweka beki. Hivi tatizo ni mfumo au vijana?
Kocha wa mchangani, Morogoro

JIBU: Kocha, wazee kulalamika wana haki ila dawa wanayokupa siyo. Beki ukimpeleka mbele utakuwa umepoteza beki na straika bado huna.

Turudi kwa hao hao Hispania maana naona umechukua mpangilio wao ukaacha kilichoufanya ufanye kazi. Straika wao David Villa alivunjika mguu Desemba 2011 kule Japani akiwa na Barcelona, ikabidi kocha Del Bosque aende Euro 2012 bila yeye, na mechi ya kwanza na Italia pale Gdansk akamweka kiungo Fabregas mbele, straika hamna. Ikaisha 1-1. Ukiirudia ile mechi utaona timu yako kabisa: Xavi anataka mpira mguuni, Iniesta anataka mguuni, Silva nae mguuni, wote wamejazana sehemu moja na mabeki wa Italia wanawatazama tu kwa raha zao. Na waliotangulia kufunga ni Italia, Pirlo katoa pasi moja, Di Natale kakimbia nyuma ya mabeki, goli. Hispania wakarudisha dakika tatu baadae, na wamerudishaje? Fabregas kaacha kusubiri mpira, kachomoka kati ya mabeki, Silva kampenyezea.

Sasa fainali, Kyiv, tarehe 1 Julai. Wachezaji walioanza ni wale wale 11 wa Gdansk, hajabadilishwa hata mmoja, Italia hao hao, ikaisha 4-0! Sawa, nusu saa ya mwisho Italia walikuwa kumi kwasababu Motta aliumia na sabu zimeisha, lakini mbili bila ilikuwa tayari kabla ya mapumziko. Goli la kwanza Fabregas kampita Chiellini kwa mbio mpaka mstari wa mwisho, karudisha mpira, Silva kapiga kichwa. La pili ndo nakuomba uwaonyeshe vijana hata kwenye simu: Jordi Alba, beki wa kushoto, kaanzia mbali huko nyuma, kampa Xavi halafu kakimbia moja kwa moja bila kusimama mpaka akabaki yeye na kipa Buffon, akafunga.

Kwahiyo usiwahesabu viungo ni wangapi, hesabu ni nani anakimbia mbele bila mpira. Mbele weka yule mwenye mapafu na anayependa kukimbia, hata kama sio fundi wako namba moja, na iwe sheria kwamba akishuka kufuata mpira lazima namba nane mmoja, yaani kiungo wa kati anayepanda, ampite kwenda mbele. Upana wapewe mabeki wa pembeni, maana winga huna. Wakipanda wote wawili basi namba sita, kiungo mkabaji, anabaki na mabeki wa kati, hatoki pale hata kama anajisikia Busquets, yule namba sita wa Hispania, hizo kaunta mnazopigwa nina hakika zinapita hapo hapo. Mazoezini cheza sita kwa sita na goli lihesabike tu kama mfungaji kapokea mpira akiwa anakimbia, utaona siku ya kwanza watakavyokununia. Halafu kama uwanja wenu una mabonde kama viwanja vingi vya mchangani, zile pasi za mita tano tano karibu na goli lenu achaneni nazo, hata Xavi pale angebutua.

SWALI: Tumebishana kazini mpaka tumewekeana soda, mwenzangu anasema 4-6-0 imeanzishwa na Hispania, mi nasema Barcelona. Nani kapatia?
Mbishi, Mwanza

JIBU: Soda nyote mmekosa. Barcelona ya Guardiola kweli iliichapa Santos 4-0 pale Yokohama, Desemba 2011, mabeki watatu tu na straika hamna, lakini Roma ya Italia chini ya kocha Spalletti ilishafanya hivyo msimu wa 2005/06. Alikosa mastraika akamweka Totti mbele, Totti anashuka chini anavuta mabeki, kiungo Perrotta anapita kwa kasi kwenye nafasi iliyoachwa, wakashinda mechi 11 mfululizo za ligi. Msimu uliofuata Totti huyo huyo akafunga magoli 26 ya ligi na kuchukua kiatu cha dhahabu cha Ulaya, tuzo ya mfungaji bora wa ligi za huko. Na kiungo mmoja wa ile Roma, De Rossi, ndo alipangwa beki wa kati wa Italia siku ile ya Gdansk kumkaba Fabregas.