Puli Inayozunguka kama Pangaboi: Kwa Mafundi Wanaoanza Kufungua Injini za Spoti za Zamani

Wengi wenu mnaoingia gereji mkitokea chuoni mnajua kwamba mkanda wa taimingi, ule unaounganisha krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti zinazofungua vali), hubadilishwa kila baada ya kilometa 100,000, na kwa injini nyingi za Kijapani hesabu hiyo ni sahihi. Jambo ambalo nimeona halitiliwi mkazo ni kwamba, katika magari ya spoti yaliyozeeka, mara nyingi mkanda hukatika au hunyolewa meno kwa sababu kuna puli ambayo beringi yake imekufa. Fundi huokota mkanda uliochanika, akaulaumu, akafunga mwingine, na mwenye makosa akabaki ndani ya injini.

Chukueni mfano wa EJ20 ya Subaru yenye kamshafti nne na turbo, injini ya Impreza WRX ya kuanzia 1992, kwa kuwa ndiyo mtakayokutana nayo mara kwa mara hapa Dar es Salaam. Mkanda wake mmoja mrefu huzungusha kamshafti zote nne pamoja na wota pampu, yaani pampu ya maji ya kupoza injini, na njiani hupita kwenye puli nne ambazo hazizungushi kitu chochote: moja ya tenshena (kifaa kinachokaza mkanda), mbili laini, na moja ya meno iliyo upande wa wota pampu. Kamshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili, lakini puli hizi, kwa udogo wake, huzunguka kwa kasi kubwa zaidi kuliko kamshafti. Uhai wake wote umo katika grisi kidogo iliyofungiwa kiwandani nyuma ya sili za mpira. Grisi ikikauka, gololi husagana, puli huanza kuyumba, mkanda husogea upande na kuliwa ukingo, na hatimaye beringi hujifunga kabisa na mkanda hukatika au kunyolewa meno. Kamshafti zikisimama ghafla, vali zilizokuwa wazi hubaki wazi, pistoni zikapanda na kuzigonga.

Nilijifunza hayo kwa kosa langu mwenyewe. Mteja alileta WRX akiwa na fedha ya mkanda peke yake, nami nikazijaribu puli zote kwa kidole. Ile ya meno ilizunguka kama pangaboi, bila sauti na bila kusita, nikafurahi na kumwambia mteja kwamba bado ni nzima. Miezi michache baadaye gari lilirudi likivutwa kwa kamba. Puli ile ilikuwa imeganda na kugeuka rangi ya samawati kwa joto, na hedi zote mbili, yaani vichwa vya injini vyenye vali, zilishushwa ili kubadilisha vali zilizopinda. Puli yenye afya haichezi hivyo: ukiisukuma kwa kidole unahisi uzito wa grisi, nayo husimama baada ya mzunguko mmoja au pungufu yake. Inayoteleza kwa wepesi imekwisha kukauka, hata kama haijaanza kupiga kelele.

Msiamini odometa peke yake. Chini ya boneti za magari kutoka Japani mara nyingi kuna stika inayoonyesha kilometa ambazo mkanda ulibadilishwa, na ni jambo jema kuisoma, lakini haisemi kama puli zilibadilishwa pia. Isitoshe, gari linalokaa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro kila asubuhi huzungusha puli zake kwa saa nyingi huku kilometa zikiongezeka kidogo sana. Lililowahi kupita kwenye maji ya bonde la Jangwani wakati wa mafuriko ni la kushukiwa kabla hata hujalifungua, maana sili za beringi hazikutengenezwa kwa ajili ya kuzamishwa.

Mteja akilalamika kuhusu mluzi au mkwaruzo upande wa mbele, toeni kwanza mikanda ya nje, ya altaneta na ya eya kondishena, kisha washeni injini kwa muda mfupi. Katika EJ20 hakuna hofu ya kukosa mzunguko wa maji kwa dakika hiyo moja, kwa sababu wota pampu inaendeshwa na mkanda wa ndani. Sauti ikibaki, tatizo limo nyuma ya kava ya mkanda wa taimingi, nanyi zimeni mara moja.

Kazi ikishafunguliwa, badilisheni mkanda, puli zote nne, tenshena na wota pampu, na mkague oili sili za kamshafti na krenki, kwa maana oili ikivuja hulainisha mpira wa mkanda. Mnaponunua kwenye maduka ya spea ya Gerezani, toeni puli kwenye boksi na muizungushe palepale dukani. Boksi zuri si ushahidi wa chochote. Boliti za puli hukazwa kwa torki ya nyutoni mita 39 tu, kwa sababu zinaingia kwenye aluminiamu, na nyuzi zikichunwa utalipa wewe. Tenshena ya mafuta ibanwe ikiwa imesimama wima, taratibu, kwa zaidi ya dakika tatu. Alama ya krenki ya kupangia mkanda ni ule mkato mdogo kwenye ukingo wa nyuma, wala si mshale ulio usoni, ambao umewadanganya mafundi wengi.

Wanaofungua 4G63, injini ya Mitsubishi Lancer Evolution, wakumbuke kwamba ina mkanda mdogo wa pili wa shafti ya mizani, ile inayopunguza mtetemo wa injini. Ukikatika huweza kuingia kwenye mkanda mkubwa, kwa hiyo nao na puli yake hubadilishwa siku hiyohiyo.

Kabla ya kuwasha, zungusheni krenki kwa spana mizunguko miwili kamili na mkague alama upya. Mkono ukikutana na kizuizi kigumu, msilazimishe. Kisha bandikeni stika yenu kando ya ile ya Kijapani, mkianza na tarehe, halafu kilometa, halafu orodha ya puli zilizobadilishwa.