Maswali na majibu: kuongeza ujazo wa injini ya pikipiki huku milimani

*Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Uyole, Mbeya. Pikipiki yangu ya cc 125 inachoka kupanda Mlima Nyoka nikiwa na abiria na gunia la viazi. Fundi anataka tufunge bloku (kipande chenye silinda) na pistoni ya 150. Nikubali?*

Abiria na gunia kwa pamoja ni mzigo ambao siwezi kuutetea, lakini hesabu yako naijibu. Injini nyingi za aina hii zimetokana na Honda CG125, ambayo pistoni yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na hupanda na kushuka kwa milimita 49.5. Ukifunga pistoni ya milimita 62 bila kugusa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ujazo unatoka cc 124 hadi cc 149, yaani ongezeko la asilimia 20. Tatizo ni kwamba Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, hivyo 150 ya Uyole huvuta hewa inayokaribiana na ile ya 125 ya Dar es Salaam. Fedha yako itakurudishia kile ambacho mlima umekuchukulia, na ziada kidogo tu.

Kwa sababu hiyo ningeanza na vitu vya bei ndogo. Mwambie fundi apime nafasi ya valvu, aangalie kama ringi zimelika na kama klachi inateleza, kwa maana wengi wanaolaumu cc huwa wanaumwa na klachi. Kisha badilisha sproketi ya mbele (gia ya mnyororo), kutoka meno 15 hadi 14. Nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu itaongezeka kwa asilimia 7 hivi, ingawa kwenye tambarare utapoteza mwendo. Kama baada ya hayo bado hupandi, funga 150.

*Nipo Iringa. Dukani nimeonyeshwa seti mbili: moja inaingia moja kwa moja, nyingine kubwa zaidi inahitaji kesi ya injini (ganda la chini ya bloku) ichongwe. Nichukue ipi?*

Chukua inayoingia moja kwa moja. Kuchonga kesi kunadai injini ifumuliwe yote na kazi ifanywe na mtu wa mashine mwenye mkono ulionyooka, na hata hapo ukuta unaobaki karibu na bolti za bloku huwa mwembamba. Wala usikubali bloku yako ya zamani ichongwe kutoka 56.5 hadi 62, kwa kuwa kila upande utaliwa milimita 2.75, na chuma kinachosalia hakitavumilia joto.

Maandishi ya kwenye boksi yasikutoshe. Nenda dukani na pistoni yako ya zamani pamoja na venia (kipimo cha milimita), upime kipenyo cha pini, nafasi za bolti, upana wa shingo ya chini ya silinda, na zaidi ya vyote urefu kutoka katikati ya pini hadi kichwa cha pistoni. Urefu huo ukizidi, pistoni inaweza kugonga valvu. Ukipungua, mgandamizo unashuka, na huku kwetu ambako hewa tayari ni chache, hiyo ni hasara juu ya hasara. Siku ya kufunga, ringi ya juu iingizwe peke yake ndani ya silinda, na mwanya wa ncha zake uwe kama milimita 0.25.

*Je, namba ya injini itabadilika kwenye kadi?*

Namba haibadiliki, kwa sababu imegongwa kwenye kesi na si kwenye bloku. Ujazo ndio unaobadilika, kwa hiyo waarifu TRA na kampuni yako ya bima kabla ajali haijakulazimisha kueleza.

*Nimefunga 150 Tukuyu na fundi ameitegesha vizuri, lakini nikishuka Kyela injini inachemka na kukosa nguvu. Kwa nini?*

Kutoka Tukuyu hadi Kyela unashuka kama mita 1,000, na hewa ya bondeni ni nzito zaidi. Jeti (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) iliyochaguliwa milimani inatoa petroli kidogo mno kwa hewa hiyo, na mchanganyiko wenye petroli pungufu huwaka kwa joto kali ambalo, kwa pistoni mpya isiyozoea silinda yake, linaweza kuikwamisha kabisa. Endesha kilomita kadhaa Kyela, zima injini bila kuiacha kwanza iungurume taratibu, na ufungue plagi: ikiwa nyeupe, ongeza namba ya jeti, ikiwa ya kahawia, iache. Jeti ichaguliwe kwa kuzingatia Kyela, si Tukuyu. Ukirudi nyumbani plagi itakuwa nyeusi kidogo na petroli itaenda zaidi, lakini gharama hiyo ni ndogo kuliko ya bloku nyingine.