Kabla hujawapeleka wazee kwenye mgahawa wa Kituruki

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbagala aliniandikia akiomba ushauri. Mdogo wake amehitimu chuo, familia imekubaliana kumfanyia chakula cha jioni katika mgahawa wa Kituruki upande wa Masaki, na yeye ndiye aliyetwishwa jukumu la kuagiza. Aliuliza swali moja tu: aagize nini ili wazee wasije wakamlaumu? Swali hilo limenifurahisha kuliko anavyodhani, kwa sababu hivi karibuni nilimpeleka mama mkwe wangu, mwenyeji wa Tanga asiyekubali kirahisi chakula ambacho hakukisimamia mwenyewe, kwenye mgahawa wa aina hiyo unaotazama bahari, naye akaomba afungiwe mkate uliobaki aende nao nyumbani. Anayemfahamu mama yule ataelewa kwa nini bado ninatembea kifua mbele.

Jibu langu, dada, ni kwamba usiruhusu kila mtu ajiagizie sahani yake. Chakula cha Kituruki hupangwa kwa ajili ya meza nzima, kama sinia la pilau lilivyo la wote wanaolizunguka, na anayejiagizia peke yake hupata kipande tu cha mlo. Nililieleza jambo hilo miaka michache iliyopita, nilipowaalika ndugu zangu kwa gharama yangu, lakini binamu yangu akasisitiza kwamba kila mtu ni mtu mzima na atachagua anachotaka. Zilipotangulia sahani ndogo za mboga na mtindi, akauliza kwa sauti iliyofika meza ya jirani, "Kumbe tumeitwa kulishwa majani na maziwa?" Watu wakacheka. Kauli hiyo imekuwa ikirudiwa katika kila shughuli ya ukoo tangu siku ile, na sitadanganya kwamba imeacha kuniuma, kwa kuwa aliyeikariri zaidi ndiye aliyekula zaidi.

Sahani hizo ndogo huitwa meze, na ndizo zinazokupa muda wa kuzungumza wakati makaa yanafanya kazi yake. Agiza tatu au nne za kuanzia, si kumi. Chukua humus, yaani rojo zito la dengu na ufuta, chukua biringanya iliyochomwa, na chukua ezme, yaani nyanya, vitunguu na pilipili vilivyokatwakatwa vidogo sana, ambayo mtu wa Pwani huielewa mara moja kwa sababu ni jamaa wa karibu wa kachumbari. Mkate huja wa moto kutoka tanurini, umevimba kwa mvuke, na kwa desturi ya Uturuki haulipiwi, ingawa hapa Dar es Salaam ni busara kuuliza. Kwa mzee asiyependa vitu baridi, agiza supu ya dengu nyekundu na umkamulie ndimu. Mama mkwe alianza na supu hiyo, akanyamaza, akamega mkate. Kimya chake kilinitosha.

Nyama ndiyo inayostahili maswali mengi. Kebabu ya Adana, iliyopewa jina la mji wa kusini mwa Uturuki, asili yake ni nyama ya kondoo iliyokatwakatwa kwa kisu pamoja na mafuta ya mkia na pilipili nyekundu, kisha ikabandikwa kwenye chuma kipana na kuchomwa juu ya makaa. Ile ya Urfa haina ukali huo, kwa hiyo ndiyo ya kuwapa watoto na wenye vidonda vya tumbo. Iskender, chakula cha mji wa Bursa, ni vipande vyembamba vya nyama vinavyotandazwa juu ya mkate na kumwagiwa mchuzi wa nyanya na siagi ya moto, huku mtindi ukiwekwa pembeni; sahani moja huwatosha watu wawili wasiokula kwa fujo. Uliza pia kama nyama ni ya kondoo au ya ng'ombe, maana hapa kwetu hubadilishwa. Ukitamani samaki, na ukiwa karibu na bahari utatamani, uliza bei yake kabla hajafika kwenye moto, hasa anapouzwa kwa uzito.

Hesabu ya mgahawa mzuri ninaifanya kwa kutazama wanaokula humo. Tangu kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi ilipoanza kujenga reli ya SGR kutoka Dar es Salaam mwaka 2017, Waturuki wamekuwa wengi jijini, na meza iliyojaa wahandisi wao wakibishana huku wakimega mkate ni ushahidi bora kuliko picha za mtandaoni. Nikizitaja picha, ninakerwa sana na vijana wanaoagiza künefe halafu wakaanza kuipiga picha kutoka kila upande. Kitamu hicho kina jibini ndani yake na sharubati juu. Kikipoa, jibini hukakamaa na fedha yako imepotea. Kula kwanza, ndugu yangu. Heshimu aliyesimama jikoni.

Kahawa huagizwa pamoja na kiasi cha sukari, kwa sababu sukari hupikwa humo humo na haiongezwi baadaye. Utamaduni wa kahawa hiyo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2013, lakini mama mkwe, aliyekulia kwenye kahawa chungu na kashata, hakuhitaji kuambiwa hilo. Alitaka isiyo na sukari, akaiacha itulie, na hakugusa machicha yaliyobaki chini. Wanaopenda chai ya maziwa waambiwe mapema kwamba chai ya Kituruki huja ya rangi, katika glasi ndogo.

Kuhusu malipo, uliza mwanzoni kama bei zilizoandikwa zimejumuisha VAT ya asilimia 18, kwa kuwa nyongeza hiyo kwenye meza ya watu wanane humfanya mwenyeji atokwe na jasho mbele ya wageni wake. Na kama mahafali hayalazimishi Jumamosi, chagua jioni ya katikati ya wiki, wakati mchomaji hajazidiwa na oda na mhudumu ana nafasi ya kukujibu maswali yote haya.